Malalamiko Kuhusu Sakafu Inayokataa Kupasuka

Bi. Ardith Cates,
Nyumba ya mwisho, Njia ya Mnarani,
Ghuba ya Tillson, Maine.
Mwishoni mwa Aprili

Kwa Fundi Lucie Theriault, mjenzi wa mabwawa na sakafu zake.
Nakala: binti yangu Marcy, Portland, ambaye ndiye chanzo cha yote haya.

YAH: SAKAFU YA ZEGE YA KANDO YA BWAWA LANGU KUKATAA KUPASUKA

Mheshimiwa Fundi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na vijana wako na yule mbwa wenu anayekaa kwenye kiti cha mbele cha gari. Mimi mwili haujambo. Roho ndiyo haijatulia, na sababu ni wewe.

Nakuandikia kwa heshima zote, maana najua u mtu wa kazi na hukukusudia ubaya. Mwaka juzi, kabla baridi haijaingia, binti yangu Marcy alikuleta hapa. Ukavunja sakafu ya zamani iliyozunguka bwawa langu la kuogelea, ukaniwekea mpya. Uliniahidi kwa mdomo wako kwamba itadumu. Sasa barafu imeyeyuka kwa mara ya pili tangu uondoke. Nimevaa miwani, nimepiga magoti, nimepapasa kila kona. Haina ufa hata mmoja. Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu urudi uivunje, uniwekee mbovu.

Kabla hujaamua kwamba nimerukwa na akili, tafadhali soma malalamiko yangu kwa mpangilio.

1. Sakafu ya zamani ilikuwa na tabia njema. Marehemu mume wangu Merrill aliimwaga mwenyewe juu ya udongo wa mfinyanzi, bila kokoto chini, bila kuacha nafasi kati ya bamba na bamba, kwa sababu alisema kokoto ni za watu wasiojiamini. Majirani walimcheka vya kutosha. Bahari hiyo hapo chini ya bustani, walisema, bwawa la nini? Naye aliwajibu kwamba aliogelea katika bahari hiyo mara moja akiwa kijana, na miguu yake haijapata joto tena. Basi kila baridi ilipokaza, maji yaliganda kwenye ule udongo, yakavimba, yakainyanyua sakafu kama mkate ulioumuka. Barafu ikiyeyuka, sakafu ilirudi chini vipande vipande. Haikutuangusha hata mwaka mmoja.

2. Sakafu iliyopasuka huita watu. Jumamosi ya kwanza ardhi ikishalainika, walikuja na nyundo, matoroli na mashine ya kuchanganyia zege. Mimi niliweka maharage jikoni tangu Ijumaa, kwenye chungu, pamoja na asali nyeusi ya miwa na nyama ya nguruwe ya chumvi, na mkate mweusi wa kuivishwa kwa mvuke ndani ya kopo. Aliyetangulia kufika siku zote alikuwa Harlan Beal, mvuvi wa kambakoche, jirani yangu wa kushoto. Akiingiza mtaimbo chini ya bonge la kwanza, alimtania Merrill: “Hii siyo sakafu, Merrill, hii biskuti. Ningekuwa na chai ningechovya.” Merrill akimjibu: “Chovya, bwana, ila lipeleke kwanza kwenye toroli. Hapa hatulishi wavivu.”

Merrill alipofariki nilidhani mambo hayo yameisha. Hayakuisha. Wengine walipungua, Harlan akaendelea kuja. Yeye ni mgane kama mimi nilivyo mjane. Alivunja, akamwaga, akala mpaka akalegeza mkanda, kisha tukakaa kwenye viti vya bustani kusubiri zege lishike kidogo ndipo apitishe ufagio juu yake, lisije likateleza. Nawe unajua kwamba kwa baridi yetu zege halina haraka. Tulizungumza kuhusu bei ya chambo, na marehemu mke wake, na mambo ambayo hata Marcy sijamwambia. Nilikuwa nalipenda zege kwa uvivu wake huo.

Mwaka jana, baada ya kazi yako, Jumamosi ile ilifika ikapita. Nilikuwa nimeshapika kwa mazoea. Nilikula maharage wiki nzima, mpaka nikayachukia.

3. Mapovu. Ulisimama jikoni kwangu ukanieleza kwamba zege lako lina vijipovu vya hewa, ili maji yakiganda humo ndani yapate pa kupanukia. Nilitikisa kichwa kwa adabu na kukuongezea kahawa. Baadaye nimefikiri vizuri nikagundua kwamba nimeuziwa hewa, na hewa yenyewe ndiyo inayonitesa. Msimu huu tulipata baridi iliyopasua mabomba ya shule, ikapasua kioo cha gari langu, ikapasua na midomo yangu. Sakafu yako ililala usingizi.

4. Ulichimba shimo la kuzikia ng'ombe. Ukalijaza kokoto, ukazishindilia kwa mashine mpaka vikombe vyangu vikacheza kabatini, kisha ukalaza bomba la kupeleka maji baharini. Nilidhani ni madoido ya watu wa mjini. Leo nauliza: nani alikupa ruhusa ya kuyafukuza maji ya chini ya bwawa langu? Maji yale yalinitumikia kwa uaminifu muda wote wa ndoa yangu. Halafu ukaweka na mikanda laini kati ya bamba na bamba, ili sakafu ikitaka kujinyoosha ijinyooshe bila kusumbua mtu. Merrill hakuwahi kuidekeza sakafu namna hiyo.

5. Matumaini ya uongo. Machi ya mwaka jana nilitoka kanisani nikakuta kipande kimebanduka kwenye kona, karibu na ngazi ya bwawa, kipana kama ukucha. Nilifurahi nikampigia simu Marcy. “Mama,” akasema, “hicho ni kijipande tu, hakina madhara.” Nikamwambia asinivunje moyo. Jumapili iliyofuata nikakuta kingine pembeni yake. Nikasema sasa baridi imeanza kazi, wacha niite watu. Kumbe ikaishia hapo hapo. Kama sakafu haikuwa na nia, kwa nini ilinichezea?

6. Chumvi. Hapa nakuomba ukae chini. Siku ya kukabidhi kazi ulinishika mkono ukasema, “Bibi, neno moja tu. Ukiona barafu, mwaga mchanga. Usimwage chumvi, italila zege.” Ahsante sana. Nilikuwa sijui.

Msimu huu mzima wa baridi nimemwaga chumvi kila asubuhi kuzunguka bwawa lote, mfuko baada ya mfuko, nimevaa viatu vya mpira vya Merrill. Sijawahi kujituma hivyo tangu nilipostaafu. Bwana Orrin wa dukani aliniuliza, “Bi. Ardith, unafungua barabara kuu?” Nikamwambia natengenezea wageni njia. Matokeo ni kwamba maua yangu ya ukingoni yamekufa yote, mgongo wangu umepinda, na sakafu imepauka kidogo, basi. Imependeza zaidi, kusema kweli.

7. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Zamani Harlan alikuwa akisimamisha gari lake mlangoni kuanzia Februari. “Imeanza kunyanyuka?” anauliza kupitia dirishani. “Imeanza,” namjibu, naye anasema, “Hiyo ndiyo sakafu ninayoijua mimi.” Mwaka jana alisimama mara moja tu, nikamwambia haijanyanyuka, akasema “Aa,” akaondoa gari. Mwaka huu hasimami kabisa. Anapita amekaza macho mbele, ananiinulia kidole kimoja kutoka kwenye usukani, kama anavyowainulia watalii. Wiki mbili zilizopita nilimkuta posta. Nikamwambia sakafu ni nzima bado. Akasema, “Vizuri. Ni lazima iwe imara, maana naona ina watu wa kupita juu yake.” Akavaa kofia akatoka. Sikuelewa.

Nilirudi nyumbani nikakaa jikoni nikalia, Fundi. Sijawahi kulia kwa ajili ya zege maishani mwangu. Sina haja ya kuficha: namkosa yule mtu. Jumamosi ile imekaribia tena, na jana nilinunua kapaketi ka maharage ka mtu mmoja. Bwana Orrin alikapima kwa macho akanitazama, nami nikajifanya natafuta funguo.

Kutokana na hayo yote, naomba yafuatayo. Rudi na mashine zako kabla ya Jumamosi. Toa kokoto, rudisha udongo, ziba bomba, mwaga zege lisilo na povu hata moja. Kama dhamiri yako haikuruhusu kufanya kazi mbaya, nitumie fundi wako wa hovyo kuliko wote. Kila kampuni inaye, usinifiche. Na kama huna, basi nipe hati ya dhamana, yenye sahihi yako, kwamba itapasuka kabla ya mwakani. La sivyo nitalazimika kuitangazia ghuba nzima ukweli kuhusu kazi yako, kwamba ni nzuri mno, nione kama mjane mwingine atathubutu kukuita.

Nisalimie vijana wako wote, hasa yule mrefu aliyesawazisha zege kwa ubao huku akiimba nyimbo za Krismasi mwezi wa kumi. Msalimie mama yako, aliyekulea vizuri kupita kiasi. Mbwa mpe soseji moja nyekundu, useme imetoka kwangu.

Ni mimi, mteja wako niliyehudumiwa vizuri na kubaki na huzuni,

Ardith Cates (Bi.)

N.B. Nimelazimika kuifungua bahasha. Nilikuwa nalamba gundi mlango ulipogongwa. Alikuwa Harlan, kofia kwapani, mtaimbo mkononi. Mtaimbo umepinda kama ndoana.

“Harlan,” nikamwambia, “umegonga nini?”

“Sakafu yako,” akasema. “Mwaka jana, Machi. Ulikuwa kanisani.”

Nikamwambia arudie. Akarudia, akitazama viatu vyake. Tangu Merrill afariki, kuna miaka baridi ilikuwa ndogo na sakafu ya zamani ilitoka salama. Hiyo miaka alikuja nikiwa kanisani, akaisaidia kupasuka. Hii yako aliijaribu Jumapili mbili. “Yule binti fundi wako ni shetani wa zege, Ardith,” akasema. “Nimetoa vijipande viwili kama kucha, na chuma chenyewe kikapinda. Mwambie ninalalamika.” Basi, nakufikishia.

Nikamuuliza mbona mwaka huu hasimami hata kunisalimu. Akakasirika. “Ulimwaga chumvi bwawa zima! Nani anamwaga chumvi baridi yote kama hakuna miguu inayopita? Na Orrin akasema umemwambia una wageni. Nikasema, haya, Ardith amempata mtu, wacha nikae kwangu nishone madema yangu.”

“Miguu ilikuwa ya kwangu, mjinga wewe.”

“Nimejua leo. Orrin ameniambia umenunua maharage ya mtu mmoja.”

Nilicheka mpaka nikashikilia mlango. Yeye alibaki amesimama, masikio mekundu, akiuzungusha ule mtaimbo mkononi. Kisha akauliza kama inawezekana mtu kula maharage pale bwawani bila kwanza kuvunja kitu. Nikamwambia hatujawahi kujaribu, aje Jumamosi.

Kwa hiyo, Fundi, usiguse chochote. Ila kama una mtaimbo mzee usio na kazi, tafadhali tuma. Harlan hajazoea kuzungumza nami mikono ikiwa mitupu.