Kijiji Kisicho na Lifti

Jumapili, 2 Julai 2017

Habari kubwa imeshuka leo hapa Mirdif, Dubai! Bosi wangu, Sir Himid, anaipeleka familia Ufaransa mwezi ujao. Siyo Paris. Paris wameshaichoka. (Mimi sijaichoka, sijaiona.) Wanakwenda kusini, kando ya bahari, kwenye kijiji cha kale kilichojengwa juu ya mwamba na watu waliokuwa wakiwakimbia maharamia. Sir anasema kina miaka mia saba na magari hayaingii. Nikajiuliza, mtu ana Land Cruiser tatu, anakwenda kulipia mahali pasipo na barabara? Utajiri ni ugonjwa, na mimi naomba niambukizwe.

Sababu ya safari ni mama yake, Bi Shinuna. Miaka themanini, mzaliwa wa Unguja, magoti mabovu, ulimi mzima. Dada yake wa Muscat, Bi Rayya, alipanda kijiji hicho mwaka juzi akapigwa picha kileleni, na tangu hapo kila Ijumaa huituma upya kwenye WhatsApp kana kwamba ni mawaidha. Bi Shinuna ameapa hafi kabla ya kupata yake, pale pale, tena akiwa amekaa vizuri zaidi.

Nafasi ya mfanyakazi ni moja. Wa kusukuma kiti cha magurudumu. Na sisi tuko wawili: mimi, Kasian, dereva, mtu wa dunia, na Fortunate, dada wa kazi kutoka Uganda, mwembamba kama ufagio, maneno yake kwa siku hayafiki kumi.

Nikamwambia madam papo hapo kwamba mimi ni mtoto wa Kilimanjaro. Kwamba kwetu hata kufuata chumvi ni kupanda mlima. Madam akasema mashallah.

Nimezaliwa Ifakara. Ifakara ni bapa kama chapati. Lakini nani hapa ana ramani?

Ijumaa, 7 Julai

Siku ya mapumziko. Rashidiya, chumbani kwa Wilbard, pilau na Watanzania kumi na mmoja. Nikatangaza: nakwenda Ulaya! Kelele, makofi. Mmoja kaagiza manukato, mwingine jezi. Edna, ambaye nimemtupia jicho mwaka wa pili huu bila kurudishiwa hata kope, kaomba picha tu, mimi na bahari ya Ulaya nyuma yangu. Kwa picha hiyo ningempiga simba makofi.

Wilbard akauliza kama nimeshachaguliwa. Nikamwambia hayo ni mambo ya karatasi. Akauliza tena, yeye ambaye ni mtu wa Moshi kweli, mimi ni wa Kilimanjaro ipi. Nikasema ile ya juu. Mtu mchokozi sana Wilbard.

Sasa siwezi kurudi nyuma. Nisipokwenda, Rashidiya nitaikanyaga tena kwa uso gani?

Jumatatu, 10 Julai

Pigo. Madam anataka majaribio. Hamwachii mtu mama mkwe wake kwa maneno matupu. Shida ni kwamba Dubai haina mlima. Jangwa lote hili na hakuna hata kichuguu cha kumfanyia mtu mtihani!

Hapo ndipo akili yangu ilipowaka. Wilbard ni sekyuriti kwenye mnara mmoja kule Jumeirah Lake Towers. Paking yake inapanda ghorofa tano kwa mteremko unaojizungusha kama konokono. Nikawaambia huo ndio mlima wetu. Sir akacheka, akakubali. Jumamosi. Atakayemfikisha Mama juu bila kumsumbua ndiye atakayekwenda. Khalas.

Fortunate akasema sawa. Hayo ndiyo maneno yake yote ya leo.

Jumatano, 12 Julai

Mazoezi ya siri. Nimepakia gunia la mchele la kilo arobaini kwenye kiti, nikaanza kupanda. Ghorofa ya kwanza, mambo safi. Ya pili, macho yakaanza kuona nyota. Nikasimama kujifuta jasho kwa mikono miwili.

Mikono miwili!

Kiti kikageuka chenyewe na kushuka kwa kasi ambayo hata Sheikh Zayed Road ningepigwa faini. Mchele umemwagika kuanzia kona ya kwanza mpaka miguuni pa Wilbard. Amenipa ufagio bila kusema kitu. Angetukana ningejisikia vizuri zaidi.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Nikifagia, nikauona mlango nyuma ya nguzo. Lifti ya mizigo. Pana, safi, ina feni. Wilbard akaapa hatanipa ufunguo. Nikamkumbusha nani alimlaza kitandani kwake miezi miwili alipofika Dubai, na nani alilala chini. Akanipa. Mimi si mtu wa kudai fadhila, ila zikiwa karibu nazishika.

Jumamosi, 15 Julai

Siku ya siku! Sir na madam wakapaki ghorofa ya tano, AC inaunguruma. Mimi wa kwanza. Nikaondoka kwa mbwembwe, kona ya kwanza, kona ya pili, nikapinda nyuma ya nguzo, nikamwingiza Bibi kwenye lifti.

Bi Shinuna akageuka, akanikazia macho. Akauliza kama huko Kilimanjaro kwetu nako hupandwa kwa lifti. Nikasema ipo moja, ya serikali. Alicheka mpaka akayashika meno yake ya bandia. Tukatoka ghorofa ya nne, tukakaa kidogo tusiwahi mno, akanipa tende mbili. Nikajimwagia nusu chupa ya maji kichwani na kifuani. Jasho la mfano! Tukafika kwa dakika tisa. Madam akanionea huruma, akanipa taulo.

Fortunate akafuata. Dakika kumi na nne. Alikuwa hasukumi moja kwa moja, anakwenda mshazari, ukuta huu mpaka ukuta ule, huku akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Alifika ameloa. Yeye hakuwa na chupa.

Sir akamuuliza mama yake achague. Bi Shinuna akatutazama, mmoja baada ya mwingine, halafu akasema, “Kwa Kasiani, wallahi mie sikutikisika hata chembe.”

Na ni kweli! Hakuna aliyesema uongo hapo.

Jumapili, 16 Julai

Fortunate ameniambia “kale”, yaani sawa kwa lugha yao, kaka, safari njema. Amesema kwa upole. Sikupenda upole ule. Jioni nikamnunulia shawarma mbili. Akala moja, ya pili akanirudishia, akasema nina safari, nitahitaji nguvu.

Jumanne, 8 Agosti

Ulaya! Bahari ni bluu kama chupa ya sabuni. Tumelala hoteli ya chini, ufukweni. Kijiji kinaonekana juu, kimebandikwa kwenye mwamba kama kiota cha mbayuwayu, na ukikitazama kofia inaanguka. Nimeiokota mara mbili.

Nimemuuliza mhudumu wa hoteli kwa ishara kama kuna lifti. Akacheka. Nikamuuliza tena, taratibu. Akaacha kucheka, akanitazama kwa huruma.

Jumatano, 9 Agosti

Naandika nimelala kifudifudi, mgongo haukubali vinginevyo.

Teksi ilitushusha kwenye lango la mawe. Kuanzia hapo, vidato. Vidato vya mawe tu, vimelika katikati kama sabuni ya kufulia, uchochoro mwembamba, ukuta huku, ukuta huku. Madam na watoto wakapanda mbele. Sir akasema, haya, mtoto wa Kilimanjaro, yalla.

Kidato cha kwanza, nikakivuta kiti kinyumenyume. Cha pili. Cha tano. Kwenye cha saba gurudumu likaingia ufa na kugoma. Nikajaribu kumbeba Bibi mgongoni. Magoti yangu ya kiti cha dereva yakalia krak, nikamrudisha chini kwa adabu. Watalii wanatupita ubavuni wakisema pardon, pardon. Jua juu ya utosi. Sir akajifuta jasho. Halafu akasema basi, mama, tupige picha hapa langoni, hakuna atakayejua.

Bi Shinuna akasema Rayya atajua. Hakugomba. Akafungua kioo chake kidogo, akajipaka upya wanja aliokuwa ameupaka tangu alfajiri, akakitazama kilele, akakifunga kioo.

Mimi nimewahi kuona watu wakitukana, wakilia, wakinitupia viatu. Kile kioo kilinishinda. Nilimwibia nafasi mtu anayeweza kupanda, nikamletea bibi huyu mtu wa lifti.

Nikaenda pembeni, nikampigia Fortunate.

Nikamweleza yote mpaka kwenye ufa. Nikadhani mtandao umekatika. Kumbe anafikiri. Akaniambia kwao Kabale ni milima tupu, magari hayafiki, na mgonjwa habebwi na mtu mmoja, hubebwa na kijiji. Chombo chenyewe kinaitwa engozi: machela, miti miwili, watu wanne. Mgonjwa kichwa kielekee juu. Wa mbele wanaitaja njia kwa sauti, wa nyuma wanaitikia, asiwepo wa kujikwaa kimya kimya. Maneno yote hayo kutoka kwa Fortunate! Nilihesabu nikaacha.

Nikamuuliza kwa nini siku zote hakusema kwamba ametoka milimani. Akajibu kwamba hakuna aliyemuuliza. Halafu akataja sharti lake. Kabla Bibi hajafika juu, nimwambie Sir habari ya lifti, kwa mdomo wangu. Kumbe Bibi alimsimulia siku ile ile, wakacheka jikoni mpaka maziwa yakamwagika. Mwezi mzima anajua, na hakunisema!

Nikauliza kama ujumbe wa maandishi unafaa. Akasema, “Kaka Kasian, kwa mdomo.”

Haya. Miti iko wapi? Palikuwa na mzee mmoja Mfaransa anapaka rangi madirisha, ana ngazi ndefu ya aluminiamu. Nikaishika. Akapiga kelele. Nikamwonyesha Bibi. Akanyamaza, lakini hakuiachia ngazi yake. Akashika ncha moja mwenyewe, nadhani aliogopa sitairudisha. Tukaweka kiti juu ya ngazi, tukakifunga kwa kanga mbili za Bi Shinuna na mkanda wa suruali wa Sir. Wa nne akawa Mjerumani mmoja aliyevaa soksi na kandambili. Aliuliza swali, hakuna aliyelielewa, akainua.

Mbele mimi na Sir. Nyuma Mjerumani na mwenye ngazi. Nikapaza sauti: jiwe! Nyuma wakaitikia: jiwe! Kona! Kona! Mfaransa mpaka rangi anaitikia Kiswahili kama mtu wa Tandale! Watu wanatoka madirishani, wanapiga makofi. Bi Shinuna yuko juu kama bibi harusi, anapunga mkono na kuwaitikia salamu ambazo hawajamsalimia.

Karibu na kilele nikakumbuka ahadi. Sir alikuwa mkono mmoja kwenye ngazi, mwingine kwenye suruali isiyo na mkanda, uso mwekundu. Nikasema haraka haraka: Sir, kule paking nilimpandisha Mama kwa lifti na jasho lile lilikuwa maji ya chupa. Sir akafungua mdomo. Hakuna pumzi iliyotoka. Akafaulu neno moja tu, “Tembea!”

Nimeungama. Ahadi ni ahadi.

Juu! Bahari yote chini ya miguu. Madam akapiga picha ishirini na tatu. Nikamuuliza Bibi kwa nini alinichagua ilhali alijua. Akanipiga kofi dogo la shavu, akasema, “Fortunate ndiye mkono wangu, mwanangu. Lakini safari isokuwa na muongo, haina masimulizi.”

Sikujua nicheke au niombe radhi. Nikafanya yote mawili. Halafu tukaanza kushuka, na kushuka ndiko kulikoua mgongo.

Ijumaa, 18 Agosti

Rashidiya. Nimepokewa kama waziri. Nimewasimulia jinsi nilivyobuni, papo hapo, machela ya Kilimanjaro. Wilbard akasema kwao Moshi hajapata kuiona. Nikamwambia ni ya ile Kilimanjaro ya juu.

Picha ya Edna ikaleta tatizo kidogo. Katika zote ishirini na tatu, mimi niko chini ya ngazi. Kinachoonekana ni mkono. Edna akaitazama sana, akasema ni mkono mzuri. Mwaka wa pili huo! Tunasonga.

Fortunate nimemletea sabuni ya lavenda. Akanusa, akauliza kama nilisema kwa mdomo. Nikasema ndiyo. Akauliza Sir alijibuje. Nikasema alikubali kwa neno moja.

Jumapili, 20 Agosti

Bi Rayya amejibu mapigo. Picha mpya kutoka Muscat: yumo baharini, miaka themanini na mbili, amevaa miwani ya kuogelea, samaki wamemzunguka. Bi Shinuna hakula chakula cha mchana.

Jioni Sir akatuita sebuleni. Mwakani ni visiwani. Fortunate anakwenda, hilo halina mjadala, amesema Sir huku akinitazama mimi. Lakini safari hii nafasi ni mbili. Mama anataka kuingia majini, kwa hiyo wa pili lazima awe muogeleaji hodari. Kuna anayejua?

Mkono huu huu mzuri ukainuka wenyewe.

Nikawaambia sasa umefika wakati wa ukweli. Mimi si wa Kilimanjaro, mimi ni wa Ifakara, mtoto wa mto Kilombero, nimekulia majini. Na ni kweli mto upo! Niliuona kila siku, kutoka mbali, kwa sababu ya mamba. Madam akasema mashallah. Bi Shinuna akaanza kushika meno yake. Fortunate akasema taratibu kwamba kwao Kabale kuna ziwa, watoto hulivuka kwenda shule, kaka akitaka anaweza kumfundisha. Nikamshukuru, nikamwambia asijisumbue na fundi.

Kisha nikatoka nje, nikampigia Wilbard. Nimemuuliza kama jengo lao lina bwawa la kuogelea, na kama upande wa kina kifupi una mlango wake.