Nani Kaiba Nane?

Jumatano, 27 Juni 1962
Mambo yangu yamenyooka. Jumapili ni Uhuru, na siku hiyo hiyo Nasoro atasema dada yake Kabibi, mjane, ataolewa na nani: mimi Maneno, au Radjabu fundi cherehani. Kabibi anauza mawese hapa sokoni Rumonge na wapimaji wanamuibia, kwa hiyo anataka mume wa hesabu. Nani kama mimi? Nilisoma mpaka darasa la tatu. Mwalimu mwenyewe aliniomba niache, nisimwaibishe.

Leo Casimir, mwalimu wa misheni, kanipa namba: 12345679. Chagua tarakimu yoyote, izidishe kwa tisa, kisha jibu lizidishe kwa namba hiyo. Tarakimu yako inatoka mara tisa, imejipanga kama askari. Tumejaribu mbili. Kumi na nane mara namba ile: 222222222! Hii ndiyo nitamwonyesha Kabibi Jumapili, mbele ya watu.

Alhamisi, 28
Nimeikagua. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba... tisa. Nane iko wapi? Nimegeuza karatasi. Haiko.

Mtu kaiba.

Ijumaa, 29
Baada ya sala nimepita kwa Casimir. Nimemkuta anakula mukeke sahani moja na Radjabu! Wamenikaribisha, wanacheka. Mtu mwenye moyo safi hacheki na samaki mdomoni. Nimeuliza habari za nane. Casimir kasema namba iko vile vile, ukiitia nane itaharibika. Radjabu akainamia sahani. Nimeelewa. Wananipa mtumbwi wenye tundu nizame mbele za watu. Mimi, niliyevuka ziwa mpaka Kongo juu ya mlango wa nyumba, nikipiga kasia kwa mwiko!

Jumamosi, 30
Nane nimeirudisha mahali pake. 123456789. Imependeza, kama watoto waliorudi wote nyumbani. Sijamwambia mtu. Hata kuku wa Radjabu wananitazama vibaya.

Jumapili, 1 Julai
Uhuru! Bendera mpya, ngoma, watu mpaka juu ya mapaa. Jioni, uani kwa Nasoro, nimesimama mbele ya tablo, ubao wa shule alioleta Casimir. Nikamwambia Kabibi achague. Kachagua saba. Mara tisa, sitini na tatu. Nikazidisha, mgongo kwa watu, chaki inalia. Nikageuka kwa madaha.

7777777707.

Zero imekaa kati ya saba zangu kama pengo la jino. Radjabu akauliza kwa upole kama huyo naye kaalikwa. Watu wakavunjika mbavu. Casimir akafuta nane, akazidisha upya: saba tupu, zote tisa, safi. Akasema aliniambia.

Kabibi hakucheka. "Baba Maneno," akasema, "sokoni wananiibia kwa kupunguza. Weye utanifilisi kwa kuongeza."

Nasoro akampa mkono Radjabu.

Jumatatu, 2 Julai
Nimefikiri. Kosa si la nane. Nane ilirudi ikakuta kumi haiko! Namba gani inaishia tisa, kama mtu aliyelala njaa? Casimir anajua, ndiyo maana hakusema. Sasa ni 12345678910, nzima, haina pengo popote. Nimesikia Kabonga kuna mjane anauza ndagala, dagaa wa ziwani, naye anatafuta mtu wa hesabu. Naondoka kesho.

Sijaizidisha. Namba kamili haijaribiwi, ni kuivunjia heshima.