Klavete iko mu tumbo

Leo haya imenimaliza, ndugu zangu. Nawaandikia kutoka Nyangwe, nimekaa kwenye mukeka wa watu, siwezi hata kuinua macho.

Ilianza hivi. Kwa miezi sasa nimemuomba Papa Ramazani binti yake, Feza. Hakatai, hakubali. Ananiita "yule fundi wa Kabambare", basi. Juzi akanitumia neno: moteri ya mutumbwi wake inachemka, haitemi tena maji, na watu wa kuvuka mto wanakwama. Nikajua nafasi yangu ndiyo hii. (Mimi ni fundi wa pikipiki. Lakini moteri ni moteri, sivyo? Sivyo.)

Nikapitia Kasongo, nikanunua kile kipira chenye mabawa kinachokaa ndani ya pompi na kuvuta maji ya kupoza moteri. Leo asubuhi nikaifungua palepale kivukoni, mbele ya abiria na mizigo yao. Kipira cha zamani kilikuwa kimekwisha kabisa, mabawa yote yamekatika. Kazi ikaenda vizuri mpaka nikaanza kujisikia. Nikawaeleza hata wamama wa samaki namna pompi inavyofanya kazi. (Hakuna aliyeniuliza.)

Sasa, kuna kachuma kadogo kanaitwa klavete. Ndiko kanashika kipira kwenye chuma cha katikati ili vizunguke pamoja. Mikono yangu ilijaa grisi, chini ni muchanga mutupu. Nikakabana kwa midomo, kama tunavyofanya garaji siku zote.

Ndipo Papa Ramazani akafika, akanisalimia.

Ninyi munajua: baba wa binti unayemuomba akikusalimia, humujibu na mudomo umefungwa. Nikachuchumaa, nikapiga makofi ya heshima, nikaitika kwa sauti, "Jambo, papa." Klavete ikashuka.

Ningesema palepale. Sikusema. Nikafunga moteri hivyo hivyo, nikavuta kamba. Ikanguruma vizuri, abiria wakaanza kupanda. Maji? Hata tone. Moshi ukatoka.

"Umesahau kitu?" Papa Ramazani akauliza.

"Sikusahau, papa. Najua pahali iko."

"Iko wapi?"

Nikamuonyesha tumbo.

Tulijaribu kuchonga kipande cha musumari kishike pahali pa klavete, kikakatika. Muganga akaitwa, akanibonyeza-bonyeza, akasema hakuna hatari, itatoka yenyewe, tungoje. Basi Papa Ramazani akasimama juu ya mutumbwi, akakohoa kama mutu anayefungua mukutano, akawatangazia wote: "Safari itachelewa kidogo. Klavete iko mu tumbo ya mukwe wangu."

Kivuko kizima kikacheka. Feza akajifunika uso na kitenge, mabega yanatikisika. (Feza, nilikuona.) Mimi nilitamani mto unibebe. Halafu nikakumbuka lile neno. Hakusema fundi. Alisema mukwe, na alisema mbele ya watu.

Toka saa ile Mama Feza ananilisha mapapai na sombe, yale majani ya muhogo, bila kunipumzisha. Kila nikisimama, abiria wanabeba mizigo yao.

Musinicheke. Ndoa iko, tunangoja klavete tu.