Sir Crispin Aldersey Afungua Stesheni ya Thornwick

Mheshimiwa Meya na mkufu wako wa dhahabu, Baba Askofu, Bwana Mwakilishi wa Mfalme, wapiga tarumbeta, wenye maduka, wenye mbwa, na ninyi wananchi wa kawaida mliobaki: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Mbwa wanabweka.)

Mimi, Sir Crispin Aldersey, niliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, kisha wa Kilimo kwa wiki mbili, na sasa Waziri asiye na wizara maalumu, nasimama mbele yenu nikiwa mtoto wa mgodini, niliyelelewa na vumbi la makaa... (Sauti ya kike: "Mgodini wapi, Crispin? Baba yako ndiye alikuwa mwenye mgodi!" Kicheko.)

Namtambua Bi Gladys Ormerod, yaya wangu. Ni kweli, Yaya, mgodi ulikuwa wetu, lakini vumbi nililiona kwa macho yangu, dirishani. Na shida nilizijua shule ya bweni, ambako tuliogeshwa maji ya baridi. ("Pole, mwanangu!" Kicheko kirefu.)

Nilipokuwa Uchukuzi, kupitia mkakati jumuishi wa uunganishaji wa wadau, niliunda kamati. Kamati ikaunda tume. Tume, baada ya upembuzi yakinifu, ikapendekeza iundwe kamati. Ufanisi ukapanda kwa asilimia mia moja na arobaini. Magazeti yakaandika nimefukuzwa. Sikufukuzwa, niliombwa niondoke, kwa msisitizo.

("Crispin, acha porojo! Stanley wangu anasafishwa figo mjini. Jirani kachoka kutupa lifti, na leo kashakataa. Treni inafika saa ngapi? Nimemvalisha na suti." Mzee Stanley, kwenye kiti cha magurudumu, anavua kofia.)

Mzee Stanley, suti imekukaa. Yaya, swali lako limepokelewa. Kitaalamu, treni ni hatua ya mwisho ya mchakato. Hatua ya kwanza ni utepe, nao nimeukata kwa mkono wangu. (Zomeazomea. Andazi la nyama linarushwa, linampata Askofu.) Yaya, usiniangalie hivyo. Ulikuwa ukiniangalia hivyo nikikojoa kitandani.

Thornwick! (Mbwa mmoja anabweka.) Thornwick, mbele! (Sauti moja: "Kwa miguu!") Reli ni uhai! ("Iko wapi?")

Kwa kumalizia, namshukuru fundi aliyechora stesheni hii nzuri kwenye turubai, na naomba msiiegemee, rangi bado mbichi. Namshukuru mkulima aliyehamisha kondoo wake ili tupate pa kusimama. Mkitoka acheni lango wazi, anawarudisha sasa hivi. Swali la reli litajibiwa na kamati, kamati itakapo...

(Mlango wa gari unafungwa kwa kishindo. Gladys amekwisha kumketisha mumewe kiti cha nyuma cha gari la Waziri, na dereva amewasha. Umati unashangilia, tarumbeta zinalia.)

Asanteni, asanteni kwa shangwe hizo... Yaya? Yaya! Na mimi nitarudije London?

("Subiri treni, mwanangu!")