Mgonjwa wa Kitanda cha Kumi na Moja

Nimeaibika leo. Si aibu ndogo ya kuvaa soksi zisizofanana. Hii yangu ina faili, namba ya kitanda na sahihi ya sista.

Nianze mwanzo, msije mkanihukumu nusu nusu.

Mimi ni daktari katika hospitali moja hapa Parklands, wodi ya wanaume. Hivi majuzi nilipata nafasi ya kusomea ubingwa wa upasuaji katika hospitali ya kisiwa kimoja cha mbali, kule kwenye minazi na mchanga mweupe. Miaka minne, unasoma huku unatibu. Mwisho wa kujibu ulikuwa leo saa sita mchana, na fomu ilitaka sahihi ya mkubwa wangu, Dkt. Mumtaz. Huyu ni mama mfupi, mwenye sauti ya chini, na katika miaka mitatu sijaona mtu akimjibu mara mbili.

Sikuwa nimemwambia. Ningemwambia nini, na mimi mwenyewe sijaamua?

Jana mchana, wodi ikiwa imetulia, nikaona nilipange jambo hili kama tunavyopanga kila kitu: kama mgonjwa. Nikachukua karatasi ya wodi. Malalamiko makuu: mwanamume, miaka thelathini na miwili, hapati usingizi, chakula hakishuki, anaogopa maji. (Ndiyo, sijui kuogelea. Babu zangu ni watu wa Mombasa. Msiniulize.) Upande wa nyuma nikachora safu mbili, faida na hasara za kisiwa. Jina sikuandika. Nani huandika jina kwenye karatasi anayojiandikia mwenyewe?

Mara nikaitwa kumshona mtu kidole. Karatasi ikabaki mezani.

Leo asubuhi, njiani kuja kazini, pale Adams Arcade, ndipo nilipoikumbuka. Nikapekua mkoba. Haimo. Nikajiambia iko nyumbani chini ya kikombe, nikaendelea na safari kwa amani. (Amani ya mjinga.)

Nafika wodini, Sista Wanjiku yuko mlangoni. Sista Wanjiku hajawahi kupoteza hata kipimajoto. Leo uso umemshuka.

"Daktari, tumepoteza mgonjwa."

"Amefariki?"

"Angefariki tungejua ako wapi. Ametoroka. Kitanda kumi na moja."

"Ana nini?"

Akanivuta kando. "Halali, hakuli, anaogopa maji. Wewe mwenyewe unajua hiyo ni nini."

Nilijua. Mtu aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, ugonjwa ukishampanda, hata glasi ya maji humtia hofu.

"Nani alimpokea?"

"Karatasi nilipata hapo mezani jana jioni. Nikasoma juu juu, nikafungua faili, nikampa kitanda. Nikadhani mmempeleka eksirei."

Basi nikashika usukani. Nikaamuru majagi yote ya maji yaondolewe na mapazia yafungwe. Nikatafuta vyooni, chini ya ngazi, hadi stoo ya mashuka. Nikawageukia wanafunzi wa udaktari waliokuwa wakinifuata, nikawaambia, "Daktari mzuri humtambua mgonjwa wake kwa mbali." (Wakaandika kwenye vijitabu vyao.)

Nikashuka getini kwa Mzee Otieno, mlinzi wetu.

"Mzee, hujaona mwanamume wa miaka thelathini hivi, hajalala, ana wasiwasi?"

"Daktari, wote wanaopita hapa wako hivyo. Hata wewe leo."

"Huyu anaogopa maji."

"Basi ngoja mvua inyeshe, utamwona akikimbia."

Niliporudi juu, mzee wa kitanda cha kumi alikuwa ameketi, vidonge kiganjani. "Kijana, huyu jirani yangu ni nani hata tunanyimwa maji kwa ajili yake? Nimeze dawa na mate?"

Saa nne kamili Dkt. Mumtaz akaingia kwa raundi. Akasikiliza habari yote bila kupepesa jicho.

"Mnamtafuta mtu na hakuna aliyesoma faili yake yote," akasema. "Ileteni."

Kwetu faili husomwa kwa sauti, ili kila mtu kwenye raundi asikie. Akaifungua. Nikaiona nikiwa umbali wa vitanda viwili. Wino wa buluu. Mwandiko unaolala kulia kama mtu aliyechoka.

Wangu.

"Mwandiko huu naujua," akasema, akaigeuza karatasi. "Faida za kisiwa. Moja: madaktari ni wachache, nitashika kisu mwenyewe badala ya kuchungulia juu ya bega la mtu. Mbili: hakuna foleni ya magari ya Ngong Road. Tatu..."

Akarekebisha miwani.

"Tatu: nitakuwa mbali na Dkt. Mumtaz."

Sista Wanjiku akaanza kukagua dari. Wanafunzi wakavitazama viatu vyao, kisha wakanitazama mimi.

Mzee wa kitanda cha kumi akadakia. "Mgonjwa si huyo amepatikana? Sasa nileteeni maji."

"Daktari," nikasema, "tafadhali soma na hasara."

Akasoma. "Moja: vifaa huja kwa meli, na mgonjwa hasubiri meli. Mbili: ukikosea asubuhi, jioni unakutana na shemeji yake sokoni. Tatu: Mama atabaki peke yake. Nne: maji kila upande. Tano..." Hapo sauti yake ikashuka zaidi. "Tano: hakutakuwa na Dkt. Mumtaz wa kunishika mkono kabla sijakata pasipofaa."

Akaninyoshea mkono.

"Fomu iko wapi, Salim?"

Ilikuwa mfukoni mwa koti, imekunjwa mara nne. Akaisaini juu ya kabati la mzee wa kitanda cha kumi, kando ya jagi lililorudi.

"Jambo usilolitaka halikunyimi usingizi," akasema. "Na bega langu umelichungulia vya kutosha."

Halafu akachukua ile faili, akaandika kwenye sehemu ya matibabu: Aende. Ajifunze kuogelea kabla ya safari.

Nikadhani yamekwisha. Nikataka kuichana karatasi. Sista Wanjiku akaiwahi.

"Daktari, faili ikifunguliwa hapa lazima ifungwe. Andika ruhusa."

Kwa hiyo nimejiandikia ruhusa ya kutoka wodini, wanafunzi wakishuhudia. Hali ya mgonjwa anapotoka: nafuu. Fomu ya kisiwa imetumwa ikiwa imebaki dakika kumi.

Jioni hii nimepiga simu kwenye bwawa moja la Lavington kuulizia masomo. Darasa lenye nafasi ni la Jumamosi asubuhi, la watoto wa miaka sita. Ukipita pale ukaona mwenye ndevu amevaa maboya mikononi, mwache. Huyo yuko kwenye matibabu.