Programu ya Mtu wa Tatu

Jumatatu asubuhi gari la matangazo lilizunguka Korogwe, kuanzia stendi hadi Kwamndolwa, likiwajulisha wananchi wote kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mtu atakayeuawa kwenye kompyuta bila ushahidi wa picha. Wananchi waliombwa wawe watulivu. Wengi walikuwa watulivu tayari. Wauza machungwa wa stendi walidhani ni tangazo la dawa ya panya, wakaendelea kumenya.

Tangazo hilo lilikuwa kazi ya Bwana Semboja, Mratibu wa Kitengo cha Mambo Mapya. Kitengo kiliundwa baada ya milango ya biashara kufunguliwa, wakati vitu vilipoanza kuingia nchini bila kupiga hodi: mitumba, vocha za simu, vibanda vya video, na hatimaye intaneti. Kazi ya Semboja ilikuwa kuvipokea vitu hivyo, kuvitambua na, pale inapobidi, kuvichelewesha. Aliifanya kwa moyo mmoja. Kilichomuumiza ni kwamba mambo mapya yalikuwa yanafika kabla ya kikao.

Jambo la safari hii lilianzia Kilole, kwenye kafe ya intaneti ya dada mmoja aitwaye Hafsa. Vijana walikuwa wakicheza hapo gemu la kupigana risasi mtandaoni, timu kwa timu, Korogwe dhidi ya Handeni. Timu ya Handeni ilikuja kwa basi kutoka Mkata, na mchezaji wao hodari alikuwa Nemayian, binti wa mfugaji aitwaye Moreto. Wenzake walipokuwa wakikimbia huku na huko wakifyatua risasi hovyo, yeye alijibanza kwenye kona akasubiri, kama mtu aliyelala miaka mingi karibu na zizi lenye fisi nje. Aliyechungulia, alikufa.

Hussein, nahodha wa Korogwe, alichungulia mara nyingi sana. Mwisho akavua vipokea sauti akasimama juu ya kiti.

"Huyu anaiba! Ana programu ya kuonea nyuma ya kuta. Haiwezekani anisubiri kila ninapokwenda!"

Hussein alikuwa mtoto wa dada yake Semboja, kwa hiyo maneno yake yalifika ofisini haraka kuliko kawaida. Stendi nako watu wakaanza kumwita Nemayian mwizi wa kompyuta, na wengine wakamwonea huruma Hafsa kwa kuibiwa kompyuta ambazo zote zilikuwepo mezani. Mambo hayo hayakuwa mzaha kwa binti. Baba yake alikuwa amekubali, baada ya kuombwa na ukoo mzima, akae Mkata kwa shangazi yake asomee kompyuta. Sifa ya wizi ikimfikia mzee kule nyikani, masomo yangeishia hapo.

Hafsa akaamua kwenda ofisini mwenyewe.

"Shikamoo, Bwana Mratibu."

"Marahaba. Sema shida yako kwa ufupi, nina kikao cha kupanga vikao."

"Ni habari ya yule binti. Gemu lenyewe halirekodi, lakini ipo programu ya mtu wa tatu. Unaiwasha pembeni, inarekodi skrini yote. Turudie mechi, turekodi, tutaona kama anaiba au haibi."

Semboja akaweka kalamu chini. "Mtu wa tatu ni nani?"

"Ndivyo wanavyoiita, mzee. Wa kwanza ni mwenye gemu, wa pili ni mchezaji. Huyo mwingine katengeneza programu tu."

"Anaishi wapi?"

"Mimi sijui. Labda Ulaya, labda Uchina."

"Yaani mtu asiyejulikana anakaa Uchina, anaingia Kilole, anarekodi vijana wetu, na mwenyekiti wa mtaa hana habari?"

Hafsa akajikuna kichwa. Semboja akajua amegusa kiini cha tatizo.

Kamati ya Uhakiki wa Mtu wa Tatu ilikaa kesho yake. Wajumbe walikunywa chai na sambusa, wakaazimia mtu huyo aitwe kwa gari la matangazo afike na kitambulisho. Hakufika. Wakakaa tena, wakanywa tena, wakaona kwamba nafasi nyeti namna hiyo haiwezi kuachwa wazi kwa sababu tu mwenyewe ni mtovu wa nidhamu. Akateuliwa Mzee Sadala, mstaafu wa kiwanda cha mkonge, ambaye hakuwahi kugusa kompyuta na kwa hiyo hakuwa na upande.

"Kazi yangu nini?" aliuliza Mzee Sadala.

"Kuwa wa tatu," alisema Semboja.

"Na hao wawili wakiondoka?"

"Unabaki wa tatu vilevile."

Mzee akaridhika. Katika kazi alizowahi kupewa, hii ilikuwa na maelezo ya wazi kuliko nyingi. Akapewa kiti chenye mikono na beji ya kubandika kifuani.

Baada ya hapo kurekodi kukaruhusiwa na kutangazwa Jumatatu ile, kwa sharti kwamba programu iwashwe kwenye kompyuta zote na irekodi picha pamoja na sauti. Hafsa alisema picha ingetosha. Semboja akamjibu kwamba Kitengo hakiwezi kuwa kiziwi.

Mechi ya marudiano ilichezwa Jumamosi, kwenye ukumbi wa kafe ya Hafsa. Programu ilizielemea kompyuta, gemu likawa linakwenda kwa kushtukashtuka kama trekta bovu. Wachezaji walilalamika. Semboja alifurahi, hivyo ndivyo jambo linavyotembea likisimamiwa. Mzee Sadala aliketi katikati ya ukumbi na beji yake, kichwa kimeinamia kifuani.

Tatizo likawa moja. Korogwe walikuwa wanafungwa.

Semboja alipita nyuma ya viti, mikono mgongoni, akikagua. Aliiona skrini ya Hussein ikigeuka nyekundu kila mara, akamkumbuka dada yake, aliyemwambia asubuhi ile kwamba kuwa na ndugu mkubwa serikalini hakujawahi kumsaidia hata kupata mchanga wa kujengea choo. Kisha akapita nyuma ya Nemayian. Binti alikuwa amejificha kwenye tangi la maji. Semboja akatazama, akazunguka taratibu hadi upande wa pili, akainama sikioni mwa Hussein.

Hakuona kwamba anaiba. Alijiona anampatia mdau taarifa.

Korogwe wakashinda. Nemayian akavua vipokea sauti. "Wamejuaje nilipo?" alimuuliza Hafsa kwa sauti ndogo. "Sikupiga hata hatua moja."

"Haki imejulikana," alisema Semboja kwa niaba ya wote.

Jumapili mchana ukumbi ulijaa. Mama Zamda, mkurugenzi wa Kitengo, alikuja na gari lake kutazama ushahidi. Mlangoni akaingia Moreto, fimbo mkononi, vumbi la Handeni bado kwenye shuka. Nemayian akamwendea akainamisha kichwa. Baba akakigusa kwa kiganja, lakini hakutabasamu.

"Nimeambiwa binti yangu ni mwizi," aliuambia ukumbi. "Nimekuja kuona alichoiba."

Hafsa akaanza na rekodi ya Nemayian, ukutani, kwa projekta. Watu wakatazama. Hapakuwa na kuta zilizotobolewa wala alama za siri. Palikuwa na kona, na utulivu, na nyayo za watu wasio na subira.

"Hapo anafanya nini?" aliuliza Moreto.

"Anasubiri, mzee," alisema Hafsa.

"Na hapo?"

"Anasubiri."

"Hii najua nani alimfundisha," alisema Moreto, akaketi.

Semboja aliona ukumbi unaegemea upande mbaya. Akasimama, akaweka koti sawa. "Mheshimiwa Mkurugenzi, kwa kuwa rekodi ni nyenzo ya uwazi, naomba sasa tuone ya bingwa. Na sauti iongezwe, wa nyuma wasikie."

Hafsa akaongeza. Ukutani, Hussein alikuwa anahema kama mbuzi mwenye kiu. Kisha ukasikika mnong'ono, mkubwa kama wa spika za msikitini:

"Tangi la maji, mpwa wangu. Ghorofa ya pili, kushoto. Usiangalie nyuma. Pitia kwenye magunia... Mpige! Mpige, mama yako aniache nipumue!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Hussein alijifunika uso kwa fulana yake. Mama Zamda alingoja kicheko kiishe.

"Bwana Semboja, hiyo sauti ni ya nani?"

Semboja alikuwa na miaka mingi kazini, na utumishi haumwachi mtu wake bila jibu. "Mheshimiwa, hiyo ni sauti ya mtu wa tatu."

Watu wote wakamgeukia Mzee Sadala. Mzee akainuka polepole, akabandua beji.

"Mama, mimi nililala tangu mechi inaanza. Hilo tangi siku nikilijua, nitasema."

Ushindi ukafutwa. Kuhusu Semboja, mkurugenzi alisema atamalizana naye ofisini, ila kwanza amalizane na mwenye binti. Moreto hakutaka maelezo, ingawa Semboja alikuwa ameshaanza kuyatoa.

"Umemwita binti yangu mwizi kwa jambo ulilolifanya wewe. Mimi nataka mtamba wa ng'ombe. Umlete mwenyewe, kwa miguu yako, hadi bomani kwangu, watu wakuone."

Wiki iliyofuata lori lilimshusha Semboja Mkata, kando ya barabara kuu, akiwa na suti yake na mtamba mwekundu kwenye kamba. Alivuta. Mtamba akatembea kidogo, akatafakari, akalala katikati ya lami. Semboja akamweleza umuhimu wa kushirikiana. Basi la Handeni likasimama upande mmoja, malori upande mwingine, wauza mahindi ya kuchoma wakasogea, na madirisha yote ya basi yakatoa simu.

"Nani amewaruhusu kurekodi?" alifoka Semboja. "Kibali kiko wapi?"

"Vuta kwanza, mzee!" akajibu mama mmoja dirishani. "Sauti inaingia vizuri kabisa!"

Nemayian akatokea upande wa kwa shangazi yake, vitabu kwapani. Hakucheka. "Shikamoo," alimwambia Semboja, akaichukua kamba, akatoa mluzi mdogo. Mtamba akainuka akamfuata. Semboja naye, kwa kuwa hakupata maelekezo mengine, akafuata nyuma.