Maneno Yaliyozidi Kwenye Fulana ya Yoeli

Jumatatu, 7 Julai 2025

Sabasaba. Taifa limepumzika, mimi sijapumzika. Asubuhi kapiga simu Mama Tabea, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya mavuno. Mgeni wetu Jumapili ni Yoeli! Yoeli mwenyewe, aliyewashinda Wazungu kwao kwenye marathoni mwaka 1998, akarudi na kujificha na ng'ombe wake Oldonyo Sambu. Sasa anashuka. Kamati inataka mtu mmoja wa kumsemea kwenye chakula, baada ya mnada. Yametajwa majina mawili: langu na la Philemoni, katibu wa usharika.

Philemoni! Mtu ambaye kitabu cha mwisho kukisoma ni cha risiti.

Mama Tabea anataka uthibitisho, hadithi amechoka nazo. Sawa. Kwa miaka ishirini na saba nimewaambia watu wa Kijenge, watu wa mlimani na wahariri wa magazeti matatu kwamba kocha wa kwanza wa Yoeli ni mimi. Uthibitisho uko kabatini: fulana yake nyeupe ya mbio, imesainiwa kifuani kwa maka peni, kwa mkono wake. Ina kasoro moja tu. Juu ya saini kaandika: "Kwa Eliud. Asante kwa kunishikia koti."

Koti! Onyesheni kocha mmoja duniani aliyeshukuriwa kwa koti. Maneno hayo yatatoka. Saini itabaki. Kemia nilisoma hadi kidato cha nne.

Jumanne, 8 Julai

Limau na chumvi: hakuna kitu. Dawa ya meno: fulana inanukia mnanaa, koti liko palepale. Mchana nikanunua spiriti duka la dawa. Hapo wino ukashtuka! "Asante" imegeuka zambarau. Maendeleo.

Mke wangu Anyesi kanikuta nimeinamia karai. Kasoma kifua cha fulana polepole. Kasema sijawahi kuandikiwa maneno mazuri kama hayo na mtu yeyote, ukiacha ya kwake ya uchumba, ambayo sikuyajibu. Nikamfafanulia tofauti kati ya hisia na ushahidi, kwa mifano ya kihistoria, dakika arobaini. Dakika ya tatu alikuwa ameshaondoka.

Alhamisi, 10 Julai

Ushindi!

Nilikwenda saluni kwa Nashipae, hapa hapa Kijenge, kuomba asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha. Akaniuliza kucha za nani. Nikamwonyesha fulana. Akasema niweke pamba chini ya kitambaa, nidonoe bila kusugua, nianzie nje nikienda ndani. Nikamjibu kwamba sihitaji mhadhara. Kisha nikafanya vile vile alivyosema.

Koti limekwenda. Kushika kumekwenda. Shukrani imekwenda. Jina langu ndilo lililogoma, lilitaka pamba saba. Sikushangaa. Sasa kifua ni cheupe, na chini kabisa, peke yake kama mfalme: Yoeli.

Nashipae akaitazama, akauliza nani atajua kwamba ni yangu. Nikamwambia kitu cha aina hii kinajisemea chenyewe.

"Sawa, baba. Kitasema ni cha nani?"

Vijana wa siku hizi hawasomi, halafu wanauliza maswali.

Ijumaa, 11 Julai

Habari za kuaminika: Philemoni ana picha. Wamepigwa pamoja, yeye na Yoeli, uwanja wa ndege wa Kisongo, siku Yoeli aliporudi na medali. Nimeitafuta, nimeiona. Yoeli yupo mzima. Philemoni ni bega. Bega la koti la kaki! Bega hilo linaweza kuwa la mtu yeyote katika Afrika Mashariki.

Fulana yangu haitapitishwa mkono kwa mkono kama picha ya harusi. Itakaa mbele ya kanisa, mahali ambapo hakuna jicho litakaloikwepa.

Jumapili, 13 Julai

Naandika nikiwa nimetulia. Karibu nimetulia.

Nilifika kanisani kwetu mlimani saa kumi na mbili na nusu, ukungu umelala kwenye migomba, baridi ya kukata masikio. Meza ya mbele ilishajaa: mikungu ya ndizi, debe la kahawa, mahindi, majogoo mawili yamefungwa miguu. Nikausogeza mkungu mmoja, nikaitandaza fulana. Ilipendeza!

Kila mtu aliyebatizwa katika usharika huu anajua kwamba kinachowekwa meza ile siku ya mavuno ni sadaka, na sadaka inanadiwa baada ya ibada. Mimi pia najua. Nililikumbuka saa tano kasoro, Philemoni alipoinua jogoo mkono wa kulia na fulana yangu mkono wa kushoto.

Nikasimama. Nikasema ni yangu. Mama Tabea akasema kwa upole kwamba kilichofika mezani hakirudi nyumbani, lakini angalau kamati ijue imshukuru nani. Kila kapu lilikuwa na karatasi yenye jina.

"Baba Kaanaeli," akaniuliza, "jina lako liko wapi?"

Nikasema Yoeli ananijua. Wakamwita Yoeli. Mvi kichwa kizima, bado mwembamba kama fito. Akaipokea fulana, akaigeuza mbele na nyuma.

"Saini ni yangu," alisema. "Ila fulana ya Eliud naikumbuka. Niliandika asante kwa kunishikia koti. Lilikuwa koti la marehemu baba, sikuwa na jingine. Siku ile ya mchujo, pale pa kuanzia, watu walikuwa zaidi ya mia mbili. Nilimpa yeye tu."

 

Mtu mmoja nyuma akasema labda jina limefutika. Yoeli akacheka. Akauliza ni mtu gani mwenye akili atafuta jina lake mwenyewe. Kanisa zima likacheka naye. Kisha akanigeukia.

"Ile yako bado unayo, kaka?"

Sentensi moja ingetosha: ndiyo hiyo uliyoishika. Nilifungua mdomo. Nikamwona Philemoni anangoja, jogoo kwapani.

Nikasema iko nyumbani, nimeitunza vizuri sana.

Makofi! Anyesi hakupiga. Yoeli akafuta macho, akasema Jumamosi atapita Kijenge aione, aipige picha ya kumwonyesha mjukuu wake.

Mnada ukaendelea. Nikanyoosha mkono niikomboe. Mama Tabea akanikemea: mwenye moja awaachie wenzake. Akainunua yeye, na kama desturi yetu ilivyo, akaitoa zawadi palepale, kwa katibu aliyenadi hadi sauti ikakauka. Yoeli akaomba maka peni. Pale nilipopasafisha mimi, kwa jasho langu na pamba zangu, akaandika: "Kwa Philemoni. Asante kwa sauti yako."

Kwenye chakula alisema Philemoni. Alisema akiwa ameivaa juu ya suti.

Jumatano, 16 Julai

Siku tatu zimebaki. Anyesi ana ushauri mmoja tu, anaurudia kila mlo: nipande Oldonyo Sambu, nimwambie Yoeli ukweli, atacheka, yataisha. Mwanamke mzuri, hajui mikakati.

Mimi nimekwenda kwa Philemoni! Kwa unyenyekevu. Nimempongeza. Nimemwambia, kama ndugu katika Bwana, fulana yake inanuka asetoni, ni aibu kwa kitu cha heshima vile, na mimi nina utaalamu wa kuisafisha. Akaguswa. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema siku zote alidhani simpendi. Akaniletea chai ya maziwa. Akanikabidhi fulana ndani ya mfuko, imekunjwa vizuri.

Nilipata uchungu kidogo hadi kufika getini.

Ijumaa, 18 Julai

Kazi imekwisha! Philemoni katoka kwa pamba nne tu, jina jepesi. Nitamwambia rangi ilikimbia. Atanielewa.

Kisha nikakaa mezani na maka peni mpya, nikafanya mazoezi ya mwandiko wa Yoeli kwenye magazeti ya zamani, kurasa mbili nzima. Nikaandika kwenye fulana, herufi kwa herufi: Kwa Eliud. Asante kwa kunishikia koti.

Nikarudi nyuma hatua tatu nikaitazama. Huwezi kutofautisha! Yoeli kesho atalia tena.

Mwisho wa mstari palikuwa na nafasi kidogo, imekaa bure. Nikaongeza: kocha.